Naomba ushauri: filamu ya kuwawekea wazee barazani

Asalaam aleikum jamani. Niko Langoni, Lamu. Wazee wa mtaa wamenipa kazi: Ijumaa usiku niwawekee filamu ukutani kwa projekta, na muziki kidogo kabla yake.

Muziki haunisumbui. Nitaweka udi wa Zein l'Abdin, mwana wa hapa hapa Lamu, basi. Kwangu hakuna aliyempita pwani hii, na taarab ya siku hizi ya kinanda kitupu inanichosha masikio. (Bi Kidude nampenda, ila sauti ile ni ya kusikiliza peke yako.)

Shida ni filamu. Mjomba ameng'ang'ania Sholay, ya 1975. Nzuri, sikatai, lakini ni zaidi ya saa tatu! Umeme ukikatika katikati si nitatukanwa mimi? Vijana nao wanataka za Marvel, ambazo naona zote ni moja, watu kurushana tu.

Niikate Sholay usiku mbili, au kuna ya Kihindi fupi mnayoijua? Iwe ya heshima, mabibi watakuwa madirishani.

Halafu projekta ni ya kuazima na sauti yake ni ya mbu. Mwenye spika anisaidie.