Mrejesho: zile kalamu za mbao za jahazi

Jamani, mimi ndo yule niliyeuliza kwa nini mvule wa jahazi kuukuu la babu, Lamu, unanipasukia nikitoboa nitengeneze kalamu. Basi nikafanya mlivyonambia, nikaziloweka mbao maji matamu kutoa chumvi, nikazianika kivulini miezi miwili, na keekee ya milimita 7 nikawa naingiza kidogo, natoa vumbi, naingiza tena. Katika vipande kumi vimepasuka viwili tu! Mrija wa shaba nimeugandisha ndani ya tundu kwa gundi ya epoksi ndo nikakereza. Lile doa jeusi la kutu ya msumari nimeliacha makusudi, ndo uzuri wenyewe. Kalamu ya kwanza nimempa mama, akainusa, kanyamaza kitambo. Asanteni sana, hasa aliyesema nipitishe sumaku kwanza kutafuta misumari iliyojificha ndani ya mbao.