Naomba ushauri: kugawa maombi ya wateja kwenye seva tatu

Habari wakuu, niko Mwanza, nasimamia mfumo wa oda za dagaa na sangara unaotumiwa na wafanyabiashara wa Mwaloni Kirumba, sasa asubuhi mzigo ukishuka wote wanaingia kwa pamoja na hapo ndo shida inaanza.

Tuna seva tatu, mbele yake kuna programu ya Nginx inayogawa maombi kwa zamu. Seva moja ni ya zamani, ramu ndogo, inaelemewa, ila hiyo nitaipunguzia uzito au niweke mpangilio wa Nginx uitwao least_conn ombi liende kwa yenye koneksheni chache.

Kinachoniumiza kichwa ni seshoni, yaani kumbukumbu ya seva kwamba mteja ameshaingia na anafanya nini. Mteja kaingia seva ya kwanza, ombi linalofuata likienda ya pili anaambiwa aingie upya, mama wa watu alikuwa katikati ya oda ya magunia ya dagaa yote inapotea, inauma kweli. Nikaweka ip_hash, inayochagua seva kwa kuangalia IP (anwani ya mtandao) ya mteja, ili abaki seva moja, lakini wengi wanatumia data za simu na mitandao ya simu inapitisha watu kibao kwenye IP chache, halafu ip_hash yenyewe kwa IPv4 (IP za namba nne) inaangalia namba tatu za mwanzo tu, basi seva moja imejaa nyingine zimelala.

Waliopitia hili, nihamishie seshoni zote kwenye Redis (programu ya kuhifadhi data kwenye ramu) seva zote zisome hapo? Na Redis ikizima si wote watatolewa? Mashine ya nne bajeti hairuhusu, kwa hiyo itabidi ikae kwenye mojawapo ya hizi. Naombeni uzoefu wenu, hasa mliohudumia watumiaji wa simu.