Mjadala: Fidia ya aliyeumia isubiri hadi mkosaji apatikane?

Wadau, swali ni hili: mtu akivunjika mguu ajalini, ni lazima athibitishe uzembe wa mwingine ndipo alipwe? Mimi nasema hapana, na wanaopinga nawakaribisha wanibane.

Katika nchi nyingi mzigo wa kuthibitisha ni wa mdai. Aonyeshe kwamba mdaiwa alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu, kwamba aliukiuka, na kwamba ukiukaji huo ndio uliomuumiza. Kimoja kikikosekana, dai linaanguka, hata kama mdai hatatembea tena. Sasa tazameni anayetwishwa mzigo huo. Yuko kitandani, kipato kimekatika, mashahidi wametawanyika, gari limeshanyooshwa na kupakwa rangi. Anayepambana naye ni kampuni ya bima yenye mawakili wa kudumu, isiyo na haraka yoyote.

Ndiyo maana madai mengi humalizwa nje ya mahakama. Suluhu siipingi. Ninachokipinga ni karatasi inayoletwa mapema, jeraha bado bichi, daktari mwenyewe hajaweza kusema kama mgonjwa atarudi kazini. Humo imeandikwa kwamba amelipwa na hana dai lingine. Akishatia saini, kulifungua upya ni kazi kubwa mno, hata mfupa ukigoma kuunga. Mwenye kodi ya nyumba inayodaiwa atasaini tu, na mimi siwezi kuiita hiyo hiari.

Kumlipa aliyeumia bila kutafuta mkosaji si wazo geni. Ujerumani ilianzisha bima ya ajali kazini kwa sheria ya 1884, na Uingereza ikafuata na sheria yake ya fidia kwa wafanyakazi mwaka 1897. New Zealand ikaenda mbali zaidi. Tume iliyoongozwa na Jaji Owen Woodhouse ilitoa ripoti mwaka 1967, na kuanzia Aprili 1974 mfuko wa umma ukawa unawalipa wanaoumia ajalini bila kuuliza kosa ni la nani. Matibabu yanagharamiwa, na mfanyakazi asiyeweza kufanya kazi hulipwa asilimia 80 ya kipato chake kila wiki. Fedha hutoka kwenye tozo za waajiri, wafanyakazi, magari na mafuta, pamoja na serikali. Kwa kubadilishana na hayo, raia waliachia haki ya kushtaki ili walipwe fidia ya majeraha hayo. Si kitu kidogo walichokitoa, nakiri.

Wanaopinga husema mkosaji asipolipa hatajirekebisha. Lakini katika ajali za barabarani, dereva mzembe hailipi fidia kutoka mfukoni mwake hata leo. Bima ndiyo inayolipa. Anachokiogopa ni kunyang'anywa leseni na kushtakiwa kwa jinai, na hayo yanabaki palepale. Mfuko nao unaweza kutoza zaidi kazi zenye hatari zaidi, kama New Zealand inavyofanya. Wadanganyifu wapo katika kila mfumo. Sioni sababu ya kumwadhibu aliyeumia kweli kwa ajili yao.

Hoja inayonisumbua kweli ni ya maumivu. Mshahara una hesabu yake. Lakini mtoto aliyepoteza mkono hakuwa na mshahara, na mfuko ukipima kwa kipato tu, atapunjika. Mahakama huliangalia hilo kupitia fidia ya jumla, yaani ile ya maumivu na hasara zisizo na hesabu kamili, ingawa hata huko sheria huingilia: jimbo la California mwaka 1975 liliweka kikomo cha dola 250,000 kwa maumivu katika kesi za makosa ya kitabibu, na kiwango hicho hakikuongezwa hadi 2023, maisha yakipanda miaka yote hiyo. Kwa hiyo pendekezo langu ni hili: matibabu na kipato vilipwe na mfuko mara moja, na mlango wa mahakama ubaki wazi kwa madai ya maumivu na kwa uzembe uliokithiri.

Kuna doa moja nisilotaka kulificha. Aliyepooza kwa kuanguka ngazi analipwa; aliyepooza kwa kiharusi, kwa kawaida mfuko wa ajali haumhusu. Anayetaka kunishambulia aanzie hapo.

Ila wanaotaka kosa lithibitishwe kwanza wanijibu: miezi yote ya kusubiri hukumu, hospitali ilipwe na nani?