Soko dogo la vyakula la familia hapa Tanga

Swali: Habari zenu wanajamvi. Sisi ndugu watatu tunakusudia kufungua soko dogo la vyakula maeneo ya Ngamiani, tukiuza mboga za Lushoto, machungwa ya Muheza na nazi. Tuanzie wapi?

Jibu: Nzuri, ndugu yetu. Chukueni TIN (namba ya mlipakodi) kutoka TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), kisha leseni ya biashara halmashauri, na muandikiane mapema nani atashika fedha, maana hapo ndipo ndugu hugombana.

Jibu: Naongezea kwamba mchicha na kabichi havistahimili joto la pwani kama nazi, hivyo agizeni kidogo kidogo, machungwa nayo, kwa maoni yangu, yasiwe tegemeo, kwani msimu ukifika kila kona huyauza na bei huporomoka.