Chubwi linalotembea au lililofungwa: lipi lifae Mto Pangani?

Mgeni_wa_Mto:
Wakuu, heshima kwenu. Navua Pangani upande wa mji, si mbali na kivuko cha kwenda Bweni, na mara nyingine napanda juu ambako chumvi haifiki. Nina mshipi wa mkono na fimbo moja, vyote nailoni ya milimita 0.40. Machubwi niliyo nayo, yaani vile vizito vya madini ya risasi vya kuzamisha ndoana, ni ya duara, tundu katikati, gramu 30 na 60. Huku naambiwa mshipi upite ndani ya chubwi litembee, kule naambiwa lifungwe mwisho kabisa na ndoana ikae juu yake. Nalenga hongwe (kambare wa maji ya chumvi) na mkunga, na kambare nikiwa juu. Tofauti hasa ni nini? Halafu mshipi unajisokota, na machubwi mengi yanabaki kwenye mizizi ya mikoko.

Kigwe:
Mkuu, linalotembea kazi yake ni moja: samaki akibeba chambo avute mshipi bila kuvuta uzito. Mkunga na kambare wanaonja kwanza, na wakihisi kitu kizito wengi wanatema.

Pitisha mshipi kwenye tundu la chubwi, kisha ushanga mmoja wa plastiki, kisha funga swiveli, kile kiungo cha chuma chenye tundu kila upande kinachozunguka. Upande wa pili wa swiveli funga kipande cha mshipi chenye ndoana, sentimita 40 hivi. Ushanga usiuache, maana ndio unaozuia chubwi kugonga fundo kila unaporusha. Fundo zungusha mara tano, lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza, kwani nailoni ikikazwa kavu inaungua na kupoteza nguvu. Chungulia pia tundu la chubwi. Risasi iliyomiminwa mtaani huacha ncha kali mdomoni mwa tundu, nayo inakwangua mshipi kidogo kidogo mpaka unakatika na samaki mkubwa. Zungusha msumari mle ndani mpaka pawe laini.

Kwa mshipi wa mkono sioni sababu ya kufunga chubwi. Kidole kinahisi kila kitu.

Maji_Mafu:
Kigwe amesema kweli kwa maji yaliyotulia. Pale kivukoni maji hayatulii muda mrefu.

Ukirusha kukatiza mkondo, maji yanasukuma mshipi mpaka unapinda kama upinde. Hapo samaki akivuta, havuti kidole chako, anavuta ule upinde, na mshipi unakwaruza kwenye kona ya tundu. Unakuja kushtuka chambo kimeshaliwa. Na chubwi likiwa jepesi kuliko mkondo kuna jambo jingine: maji yanabeba chambo, mshipi unaendelea kupita ndani ya chubwi, nawe unadhani samaki anakimbia nacho. Unakung'uta mshipi ili ndoana imnase, hakuna kitu.

Lililofungwa kwenye mkondo linatoa habari kinyume. Samaki akivuta analing'oa chubwi mchangani, na mshipi uliokuwa umekaza unalegea ghafla. Ukiona umelegea, kusanya ulegevu wote haraka ndipo ukung'ute.

Kwa hiyo angalia maji kabla ya kuchagua. Bamvua (siku za maji makubwa), maji yakikimbia, funga gramu 90 hadi 120, na liwe bapa au lenye pembe, maana la duara linabingirika hadi kwenye mikoko, na huko ndiko yako yanakoishia. Maji mafu (siku maji yanapopanda na kushuka kidogo), au ile nusu saa mkondo unapogeuka, gramu 30 linalotembea linatosha. Ukitaka kutumia linalotembea mkondo ukiwa na nguvu, usirushe kukatiza. Tupa kuelekea maji yanakokwenda, mshipi ubaki mstari mmoja kutoka mkononi hadi kwenye chubwi.

Maji yakigeuka, toa kila kitu urushe upya. Kipande cha ndoana kinaporudi upande wa pili kinajizungusha kwenye mshipi mkubwa, na hapo hata samaki akila hutajua.

Mgeni_wa_Mto:
Shukrani wakuu. Fimbo huwa nimeichomeka kwenye bomba mchangani wakati mkono uko kwenye mshipi. Hapo je?

Kigwe:
Kwa fimbo isiyoshikwa nakubaliana na Maji_Mafu, funga. Mkunga akipewa mshipi unaotembea na mtu asiyemwangalia, anameza mpaka tumboni.

Ndoana_Namba_Nane:
Naongeza namna ya kulifunga, kwa sababu wengi wanakosea vipimo.

Chubwi liwe mwisho. Sentimita 40 juu yake toa tawi la mshipi la sentimita 15 hadi 20, ndoana hapo. Tawi lazima liwe fupi kuliko umbali wa kwenda kwenye chubwi, la sivyo ndoana inalifikia chubwi na kujifunga nalo hewani. Kama unataka chambo kikae karibu zaidi na chini kwa ajili ya hongwe, shusha tawi hadi sentimita 25 kutoka kwenye chubwi na ulifupishe libaki 10. Uzito uliofungwa na tawi fupi ndio unaomnasa samaki bila wewe: akigeuka na chambo anakutana na gramu 90, ncha inaingia. Ila ncha iwe kali kweli. Mdomo wa kambare ni mfupa, ndoana butu inateleza.

Kuhusu mikoko: chubwi lifungwe kwa nailoni nyembamba kuliko mshipi, milimita 0.25 hivi. Likinasa, hiyo inakatika peke yake, ndoana na samaki vinarudi. Wala usipoteze risasi penye mizizi, funga plagi kuukuu ya pikipiki au nati, fundi anakupa bure.

Huko juu penye tope, linalotembea linazama, tundu linajaa udongo na halitembei tena, kwa hiyo limekuwa la kufungwa bila wewe kujua. Badala ya kupitisha mshipi ndani ya risasi, upitishe kwenye tundu moja la swiveli ya pili, na kwenye tundu lake jingine ning'iniza chubwi kwa uzi wa sentimita 10. Chubwi litazama, mshipi utabaki juu ya tope.

Na ndoana ikinasa karibu na ukingo, usiingie majini kuifuata. Mto ule una mamba. Kata.

Maji_Mafu:
Kujisokota hakutokani na chubwi peke yake. Chambo cha kamba wa majini au cha kipande cha samaki kikichomwa upande kinazunguka kama feni kwenye mkondo. Ingiza ndoana kwenye mkia wa kamba, ufuate mwili wake ulale umenyooka. Swiveli ikishika kutu haizunguki, badilisha.

Jingine, msikaze risasi kwa meno, na msiyeyushe betri za gari kwenye jiko la nyumbani. Risasi ni sumu, na betri ina tindikali ndani. Osha mikono kabla hujagusa chakula.

Mgeni_wa_Mto:
Basi nitaanza na fimbo: gramu 90 bapa, tawi 15, uzi wa chubwi 0.25. Mshipi wa mkono gramu 30 linalotembea, maji yakishatulia. Machubwi bapa kwa pale Pangani mjini yanapatikana, au mpaka Tanga?

Ndoana_Namba_Nane:
Usiende mbali. Weka lile la duara la 60 juu ya jiwe, ligonge kwa nyundo upande mmoja mpaka lilale, huku msumari ukiwa ndani ya tundu lisizibe. Kwa 90, funga la 60 na la 30 pamoja.