Duka langu likifa ni uzembe, shirika la umma likifa ni maslahi ya taifa?

Mwenye mada, Mwanjelwa
Nina miaka 24, nauza kava na chaja za simu hapa Mwanjelwa, Mbeya. Nilianza na meza, sasa nina fremu. Naomba tujadili bila matusi.

Kulipa kodi sina ugomvi nako. Ugomvi wangu ni namna inavyopigwa. Sisi wa makadirio tunatozwa kwa mauzo, siyo faida. Ukiuza kati ya milioni 7 na milioni 11 kwa mwaka na huna kumbukumbu, ni 250,000. Umepata faida au umekula mtaji, hiyo hiyo. Kampuni je? Yenyewe hutozwa kwenye faida. Ikitangaza hasara huachwa, na kwa kawaida mpaka hasara ifike mwaka wa tatu mfululizo ndipo inaguswa kwenye mauzo. Mwenye mhasibu anavumiliwa, mwenye fremu moja havumiliwi.

Sasa njoo kwa serikali yenyewe. CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, alionyesha ATCL, shirika la ndege la serikali, ilipata hasara ya bilioni 56.6 mwaka 2022/23, na mwaka uliofuata ikapanda hadi bilioni 91.8. Ruzuku ikaendelea kuingia. Mimi nikikwama nani ananiongezea mtaji? Shangazi, tena kwa masimango.

Msimamo wangu: anayeokolewa kwa kodi zetu apewe masharti na tarehe ya mwisho, kama sisi tunavyobanwa kwenye vikoba. Akishindwa, aachwe.

Mchangiaji, Vwawa
Dogo, ndege siyo kava la simu. Mgonjwa wa rufaa akitoka huku kwenda Muhimbili kwa basi ni kutwa nzima barabarani, bado foleni ya malori Kitonga. Uwanja wa Songwe ukikosa ndege kwa sababu hesabu za mwaka hazikai sawa, anayeumia siyo waziri. Huduma nyingine hazipimwi kwa faida.

Mwenye mada
Sawa mkuu, lakini nauli ya ndege hiyo wangapi hapa Mwanjelwa wanaimudu? Anayepanda analipiwa na asiyepanda. Kama ni huduma basi iitwe huduma, itengewe fungu lake bungeni tulione, tuache kuiita biashara.

Mchangiaji, Njombe mjini
Mwanangu, wewe unasema "aachwe" kwa sababu hujawahi kuachwa. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa upungufu wa mtaji, na Benki ya Wananchi Njombe ilikuwamo. Nilikuwa na pesa za viazi mle, za misimu miwili. Bima ya amana wakati ule ilikuwa mwisho milioni 1.5. Kilichozidi hapo unaambiwa subiri mufilisi auze mali za benki. Kusubiri huko nakujua mimi na wanangu niliowarudisha nyumbani kutoka shule.

Kinachoniuma siyo kufungwa tu. Twiga Bancorp, benki ya serikali, nayo mtaji ulikata. Oktoba 2016 Benki Kuu ikaichukua mikononi, na mwaka 2018, mwaka ule ule wa msiba wetu, ikaunganishwa na Benki ya Posta. Wateja wake walihamia tu. Ugonjwa mmoja, huyu kapewa dawa, yule kapewa sanda. Kwa hiyo mimi sisemi wasiokolewe. Nauliza kwa nini yetu haikuokolewa.

Mzee mstaafu wa uhasibu, Iringa
Vijana, nimewasoma. Mwenye mada, una hoja ila umeruka ukweli mmoja. Ukitunza kumbukumbu kodi inashuka. Tuseme unauza milioni 9: utalipa 90,000, ujumlishe asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 7, yaani 60,000. Jumla 150,000. Laki moja unaitupa mwenyewe kwa uvivu wa daftari. Ukitaka kutozwa kwa faida, sheria inakuruhusu kutoka kwenye makadirio na kupeleka hesabu kamili.

La pili. Agosti 8, 2022, hapo hapo kwenu viwanja vya John Mwakangale, ruzuku ya mbolea ilizinduliwa. DAP iliyokuwa imepita 120,000 kwa mfuko ikaja 70,000. Huo haukuwa uokoaji? Wajomba zako wa Rungwe hawakuwekewa tarehe ya mwisho, na sikukusikia ukilalamika.

Mwenye mada
Shikamoo mzee. Hapo kwenye mbolea umenikamata, mjomba kweli alichukua mifuko sita. Lakini mkulima alipewa punguzo, mfuko akalipia. Shirika linapewa mfuko mzima.

Mama wa Njombe, pole sana. Nafuta neno "aachwe". Nabaki na masharti.

Ila mzee, kutoka kwenye makadirio kunadai mhasibu, na mhasibu wa bei nafuu niliyempata alitaka zaidi ya hiyo kodi yenyewe. Kariakoo walifunga maduka Juni 2024, mgomo ukasambaa mikoani, Oktoba ikazinduliwa Tume ya Balozi Sefue ya maboresho ya kodi. Mimi ningeiomba kitu kimoja tu: mdogo aruhusiwe kutoa gharama tatu rahisi, yaani pango, umeme na mzigo, kwenye daftari la kawaida bila mhasibu.

Daftari nimenunua leo. Ukurasa wa kwanza: chaja mbili, kava moja, 19,000. Pango la fremu nimeliandika pembeni, japo halihesabiwi.