Slabu yenye kidato cha sm 45 kwenye mteremko wa mawe, Isamilo, Mwanza: mirunda ipangwe vipi?

mwenye_boma

Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri kabla fundi hajaanza kufunga boksi (mbao za kumwagia zege la slabu) wiki ijayo.

Nyumba iko mteremkoni Isamilo. Slabu ina sehemu mbili: ya chini m 4.2 × 6.0, ya juu m 3.6 × 6.0, unene sm 15 zote. Katikati kuna kidato (daraja kati ya slabu ya chini na ya juu) cha sm 45, na hapo kwenye kidato ipo bimu ya upana sm 23 na kina sm 60. Uso wa chini wa bimu uko usawa mmoja na uso wa chini wa slabu ya chini. Nondo zote zimo kwenye mchoro wa injinia, hizo sina wasiwasi nazo. Mchoro hausemi chochote kuhusu boksi na mirunda (miti ya kuegemeza boksi).

Chini bado ni mwamba na kifusi. Kutoka ardhini hadi boksi kuna mahali m 2.2 na mahali m 4.1. Fundi anataka mirunda ya mita 3 kote, penye kina apange matofali chini yake. Ubao wa kidato (unaozuia zege kwenye uso wa wima wa kidato) anasema atauning'iniza kwa misumari kwenye 2x4 (mbao za inchi 2 kwa 4), kisha zege limwagwe lote kwa mkupuo mmoja.

Nafasi kati ya mirunda iwe ngapi? Miguu ya mirunda ikae juu ya nini? Huo ubao wa kidato utashika kweli? Na boksi livuliwe baada ya siku ngapi?

Nyapara wa Igogo

Mkuu, matofali chini ya mrunda yaondoe kabisa kwenye mawazo ya fundi. Tofali la bloku hupasuka likibanwa sehemu ndogo, na likipangwa moja juu ya jingine mrunda unakuwa na kiungo kinachocheza chini kabisa, ambako hakuna anayekitazama siku ya zege. Penye m 4.1 nunua mirunda mirefu. Ikikosekana, inua ardhi, yaani jenga kitako cha mawe na zege hadi mrunda wa mita 3 ufike wenyewe.

Kwenye mwamba ulioinama, mrunda usimame wima kwa timazi, usiufuate mteremko. Chonga kidaraja kidogo kwenye jiwe, au mwaga pedi ya zege ya sm 30 × 30 yenye uso wa mlazo, ukiisha kuparua jiwe na kusugua utelezi wote. Pedi hiyo ipe siku tatu nne kabla ya kuibebesha. Ukisimamisha mrunda kwenye jiwe lililoinama na kubana kabari upande mmoja, mvua ya alfajiri ikilowesha jiwe, mguu unaondoka wenyewe.

Halafu kagua jiwe lenyewe. Vilima vyetu vina mawe makubwa yaliyokaa juu ya udongo tu, si kila jiwe limekaa kama lile la Bismarck pale ufukweni mwa Ziwa Victoria. Chimba pembeni kwa sururu. Ukikuta udongo unapita chini yake, usilihesabu kama mwamba.

Penye kifusi: toa kile kilicholegea, shindilia moramu, kisha laza ubao wa 2x8 au 2x10 chini ya mstari mzima wa mirunda. Vipande vya ubao, kila mrunda na chake, huzama kimoja kimoja. Ubao mrefu hugawana mzigo. Na chimba mfereji upande wa juu wa kilima ili maji yapite pembeni, yasichimbue chini ya mbao.

mkadiriaji_mza

Naongeza hesabu, maana nafasi ya mirunda haichaguliwi kwa mazoea.

Slabu ya sm 15: 0.15 × 2,500 = kilo 375 kwa mita mraba. Boksi lenyewe weka kilo 50. Watu, toroli na zege linalorundikwa kabla ya kutandazwa, kilo 150. Jumla kilo 575. Mirunda ikiwa sm 75 kwa sm 75, kila mmoja unabeba takriban kilo 325. Ikiwa mita moja kwa mita moja, kama nionavyo sehemu nyingi, ni kilo 575 kila mmoja.

Sasa urefu. Mti mrefu mwembamba hauvunjiki kwa kusagika, unajikunja katikati. Uwezo wake wa kukataa kujikunja hushuka kwa mraba wa urefu usioshikwa: ukizidisha urefu mara mbili, uwezo unabaki robo. Mrunda wa sm 8 kwenye ncha nyembamba, mita 4 bila kushikwa popote, ukiweka kiasi cha usalama cha mara tatu, unabaki na kilo 330 hivi. Yaani kwa sm 75 uko ukingoni kabisa. Ukiufunga katikati kwa mbao za mlazo pande zote mbili, urefu huru unakuwa mita 2 na kujikunja si tatizo tena. Kwa hiyo mbao za mlazo ni sehemu ya nguvu ya mrunda wenyewe, si pambo la kupandia.

Ningepanga hivi: sm 75 × 75 kwa kawaida, penye zaidi ya m 3.5 shuka hadi sm 60 upande mmoja. Chini ya bimu jozi kila sm 60. Ya slabu ya chini ni mistari 9 kwa 7, ya juu 9 kwa 6, jumla 117. Bimu jozi 11, yaani 22. Ukiongeza za kuharibika na zile za kubana nafasi penye kina, chukua 160.

Mbao za kubebea 2x6 za futi 12 takriban 26, zikae kwa ubavu wake mwembamba. Juu yake 2x4 kila sm 40, nazo kwa ubavu, kama 40. Za kufungia mlazo na mshazari nyingine 45, na hapa usibanie. Marinibodi (plaiwudi za boksi) za mm 18: eneo la m² 46.8 ni shuka 16, pande za bimu na kidato shuka 3, nunua 20. Zege ni m³ 7.6, andaa malighafi ya m³ 8. Kwa 1:1½:3 (saruji, mchanga, kokoto) ni mifuko ya saruji kama 64 ya kilo 50.

fundi_boksi

Ubao wa kidato ndio nitakaokaa nao, kwa sababu ndipo kazi nyingi za namna hii zinapoharibikia.

Zege bichi linasukuma pembeni kama maji mazito. Kwa kidato cha sm 45, chini ya ubao msukumo ni zaidi ya kilo 1,000 kwa mita mraba, na kila mita ya urefu wa ubao inasukumwa kwa karibu kilo 245. Theluthi mbili ya hizo zinakwenda mguuni. Fundi wako akipigilia misumari juu tu, mguu unafunguka kuelekea slabu ya chini, kidato kinakuwa na kitambi, na bimu inameza zege ambalo hukulipigia hesabu.

Dawa yake: ubao wa kidato ufungwe na ubao wa ndani wa bimu, ule ulio chini ya slabu ya juu. Hizo mbao mbili zinasukumwa pande tofauti kwa nguvu zinazokaribiana, kwa hiyo zifunge pamoja zipingane zenyewe. Toboa matundu sm 5 juu ya mguu wa ubao wa kidato, kila sm 60. Pitisha waya wa kufungia nondo, mikunjo minne, uzunguke 2x4 ya nje na ya ndani, kaza kwa kuusokota na msumari. Ndani weka kijiti cha sm 23 kuzuia mbao zisikaribiane. Zege likifika hapo, kijiti kitolewe, kisiachwe ndani. Kila waya wa mguuni unabeba karibu kilo 100, kwa hiyo waya mmoja mwembamba wa kubahatisha hautoshi. Juu ya ubao, 2x4 za kukatiza kila sm 90 zishike kichwa.

Mguu wa ubao unaning'inia sm 15 juu ya boksi la chini, sivyo? Usiuache hewani. Tengeneza wiki moja kabla vibonge vya zege vya kimo cha sm 15, kwa ratio ileile ya slabu, viweke chini ya ubao kila mita moja. Vinabaki humo humo. Vipande vya mbao visitumike hapo: vitaoza au kuliwa na mchwa na kuacha tundu kwenye slabu, tena mahali pa mzigo mkubwa.

BintiZege

Kaka fundi_boksi kasema vyema, ila muda wa kumwaga ndio unaoamua kama kazi yote hiyo itafaa. Ukimwaga slabu ya chini na mara moja ukapanda juu, uzito wa zege la kwenye kidato unasukuma la chini lichomoze mguuni mwa ubao. Mafundi huliona, wanalikwangua, linachomoza tena. Wakati huo ndani ya bimu zege linashuka na kuacha ufa chini ya nondo za juu.

Anza ukuta wa mbali wa slabu ya chini, uje ukielekea kidato. Jaza bimu hadi usawa wa juu wa slabu ya chini, vibreta (mashine ya kutikisa zege lishikane) ipite vizuri. Hapo subiri. Kwa joto la mchana la hapa Mwanza, dakika 45 hadi 60 zinatosha zege lisimame bila kuganda. Muda huo wasawazishe slabu ya chini, wasikae bure. Kisha panda bimu, tabaka la kwanza sm 20 au 25, halafu slabu ya juu. Kusubiri kusizidi muda wa saa mbili, la sivyo unapata mshono baridi, yaani zege jipya lisishikane na la zamani. Zege la kidato liwe gumu kidogo kuliko la slabu, slampu (kipimo cha ulaini wa zege bichi) ya mm 50 hadi 75. Fundi akiomba "ongeza maji kidogo", mkatalie hapo hapo.

Vibreta ukiwa unajaza juu iingie ndani ya bimu tu, ishuke sm 5 hadi 10 kwenye tabaka la chini. Mguuni mwa ubao upande wa slabu ya chini isiguse kabisa.

Injinia wa Kirumba

Mwenye boma, ipo njia nyingine: mwaga slabu ya chini na bimu hadi usawa wake, simama, kesho yake kwaruza mshono mpaka kokoto zionekane, osha, funga ubao wa kidato juu ya zege gumu, mwaga la juu. Ubao hauning'inii tena na hakuna cha kuchomoza. Ni mshono wa mlazo ndani ya bimu, kwa hiyo ringi (nondo nyembamba zinazozunguka nondo kuu za bimu) lazima zipite zima na aliyechora akubali kwanza. Kwa timu yenye mikisa (mashine ya kuchanganya zege) moja ningeichagua hii. Mirunda ya chini isiguswe hata kama slabu ya chini inaonekana imekauka.

Jambo la pili: kwenye kona ya ndani ya kidato, fundi asikunje nondo moja ya chini ifuate kona. Ikivutwa inataka kunyooka na kubandua zege. Zipishane, kila moja ipite kona na kuingia ndani angalau mara 40 ya kipenyo chake. Kwa nondo ya mm 12 ni sm 48. Bila shaka mchoro umeonyesha hivyo, ila kagua kabla ya zege.

mwenye_boma

Wabeja sana wakuu. Kuna mtu ananikodisha propu za chuma (nguzo za kurefusha na kufupisha, badala ya mirunda), saizi nambari 3, ila hazitoshi eneo lote. Nichanganye na mirunda? Na bado sijapata jibu la kuvua.

Nyapara wa Igogo

Nambari 3 inafunguka m 2.6 hadi 3.95, kwa hiyo penye m 2.2 haiingii na penye m 4.1 haifiki, labda juu ya pedi. Usichanganye ndani ya eneo moja. Mrunda mbichi na kabari zake hubonyea milimita kadhaa, chuma hakibonyei, mwishowe chuma kinabeba mzigo wa jirani zake. Weka chuma chini ya bimu yote, mirunda kwenye slabu. Na pini iwe ile ya propu, wasiweke kipande cha nondo.

Mirunda kila mmoja ipate kabari mbili zinazokabiliana, zipigiwe msumari zikishakazwa. Mbao za msindano zikiletwa mbichi husinyaa zikikaa juani, kwa hiyo kabari zote zipigwe tena jioni ya kuamkia zege. Siku ya kumwaga, mtu mmoja akae chini, pembeni ya boksi, akiangalia nyuzi za kupimia usawa na kabari. Mirunda ikianza kulia, asimamishe kazi. Asiingie katikati.

mkadiriaji_mza

Kuvua: ubao wa kidato na pande za bimu, siku ya pili. Mirunda ya slabu siku 14, ya bimu 21. Hiyo ni kwa saruji ya daraja la nguvu 42.5. Ukitumia 32.5 usiharakishe, ongeza wiki. Kumwagilia maji siku 7 mfululizo kuanzia jioni ileile. Slabu iliyokauka juani haihesabiwi siku.

Mpangilio: legeza kabari kidogo kidogo ukianzia katikati ya slabu kuelekea kuta, slabu ya juu na ya chini kwanza, bimu mwisho. Wasitoe mstari mzima upande mmoja, wala wasitoe mrunda na kuurudisha "kwa muda". Na saruji na matofali ya ghorofa ya juu yasipandishwe mpaka bimu iwe imevuliwa na kukaguliwa.

mwenye_boma

Nimepata. Mirunda 160, propu chini ya bimu, pedi zinamwagwa Jumamosi. Mshono wa mlazo nampelekea injinia kesho; akiukubali au akiukataa, nitarudi hapa.

fundi_boksi

Ukipanda kwake mwulize pia kama anataka boksi liinuliwe katikati. Kwa upana wa m 4.2 huwa mm 10 hivi, na ni rahisi kuziweka kabla nondo hazijalazwa.